Mlango wa Kuingilia: Suala la Mwanzo katika Mfululizo wa Discworld wa Terry Pratchett

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anapoikabili riwaya moja, suala la mahali pa kuanzia halimsumbui. Huanzia ukurasa wa kwanza. Anapoukabili mfululizo wa riwaya 41, suala hilo hugeuka kuwa la kihakiki, kwa kuwa kitabu atakachokishika kwanza ndicho kitakachomfunza namna ya kuvisoma vingine, au kitakachomfanya aviache vyote. Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kuurejelea mfululizo wa Discworld wa Mwingereza Terry Pratchett (1948-2015), ulioanza mwaka 1983 kwa The Colour of Magic na kukoma mwaka 2015 kwa The Shepherd's Crown, kitabu kilichochapishwa miezi michache baada ya kifo cha mwandishi wake. Hoja inayotetewa humu ni kwamba mwanzo wa mfululizo huu haumo katika kitabu chake cha kwanza, na kwamba anayemwelekeza msomaji mgeni aanzie hapo, hasa msomaji wa Afrika Mashariki, humfanya Pratchett ahukumiwe kwa kazi isiyomwakilisha.

Yafaa kwanza kuitaja dunia yenyewe. Ni bapa kama sahani, nayo imebebwa na tembo wanne waliosimama juu ya gamba la kasa mkubwa anayeogelea angani. (Kiswahili, kwa bahati njema, humtofautisha kasa wa majini na kobe wa nchi kavu, tofauti hiyo itahitajika hapo baadaye.) Ndani ya dunia hiyo mna miungu, wanazuoni wa uchawi, mbilikimo, majitu ya mawe, na mji mmoja mkubwa mchafu, Ankh-Morpork, ambao aghalabu ndio mhusika mkuu wa mfululizo mzima hata pale ambapo haukutajwa.

Mfuatano wa tarehe

Wanaoshikilia kwamba vitabu hivi visomwe kwa kufuata miaka ya uchapishaji wana hoja isiyofaa kubezwa. Msomaji wa namna hiyo huuona ufundi ukipevuka: jinsi mzaha unavyopata uzito, na jinsi Ankh-Morpork, ambao mwanzoni ni jukwaa tu la vituko, unavyopata polisi wa maana, gazeti, posta, benki na hatimaye reli. Pratchett, aliyeingia katika uandishi wa habari mwaka 1965 akiwa kijana, na ambaye baadaye alikuwa afisa wa habari katika bodi ya kuzalisha umeme ya Uingereza hadi mwaka 1987, hakuwa na dunia hiyo kichwani ikiwa kamili. Aliijenga huku akiandika.

Lakini hoja hii ni ya mwanahistoria wa fasihi, na mwanahistoria ni msomaji wa mara ya pili. Yeye hukusanya ushahidi wa kukua kwa kitu ambacho tayari anajua kilikua. Msomaji wa mara ya kwanza hana sababu ya kuustahimili udhaifu wa mwanzo kwa ahadi kwamba baada ya vitabu vinne au vitano mambo yatatengemaa.

Msomaji wa Kiswahili hakosi uzoefu wa mifululizo. Riwaya za Muhammed Said Abdulla zimhusuzo Bwana Msa, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960) hadi Kosa la Bwana Msa (1984), zaweza kusomwa kwa utaratibu wowote, kwani kila fumbo hufungwa na kufumbuliwa ndani ya jalada moja. Hekaya za Abunuwasi ni huru zaidi ya hapo: hakuna aulizaye ni ipi iliyotangulia. Discworld haiingii katika kundi hilo moja kwa moja, wala si riwaya moja ndefu iliyokatwakatwa juzuu juzuu. Ni ukoo wa hadithi wenye matawi. Lipo tawi la Rincewind, mchawi mwoga. La wachawi wa kike wa milima ya Lancre. La Mauti na jamaa zake. La polisi wa Ankh-Morpork. Na baadaye la Moist von Lipwig, tapeli aliyekabidhiwa posta, na la msichana Tiffany Aching. Kila tawi lina mfuatano wake, na kati ya tawi na tawi mfuatano haulazimiki. Kwa hiyo swali lifaalo si kitabu kipi kilitangulia kuchapishwa, bali ni tawi lipi limwezeshalo mgeni kuuona mti.

Kicheko cha mkopo

The Colour of Magic ni visa vinne vilivyoungwa pamoja. Rincewind, aliyeshindwa masomo ya uchawi, anamwongoza Twoflower, mtalii wa kwanza katika dunia hiyo, ambaye popote aendapo hufuatwa na sanduku lenye miguu mingi na hasira. Takriban kila kituo wanachofikia kimejengwa kwa kuiga utanzu wa watu wengine kwa dhihaka. Wajasiri wawili wa kurasa za mwanzo wametokana na Fritz Leiber. Hrun, shujaa wa misuli, ni ndugu wa Conan wa Robert E. Howard. Hekalu la mungu wa kutisha linamcheka H. P. Lovecraft, na mlima uliopinduka pamoja na wapanda majoka wake unamcheka Anne McCaffrey.

Uigaji wa dhihaka, au parodia kama waiitavyo baadhi ya wahakiki, hufanya kazi kwa sharti kwamba msomaji anayo matini iliyoigwa kichwani mwake. Kijana wa Uingereza au Marekani aliyekulia kwenye rafu za hadithi za panga na uchawi alikuwa nayo mwaka 1983. Mwanafunzi wa Eldoret au Maseno kwa kawaida hanayo, na hakuna aibu katika hilo: silabasi yake ilimpeleka kwingine. Anachokiona katika kurasa hizo ni msururu wa matukio yasiyo na sababu na majina yasiyotamkika. Akihitimisha kwamba Pratchett ni mwandishi wa mizaha ya watoto, hitimisho lake litakuwa na makosa, ila hakulifikia kwa uvivu. Zaidi ya hayo, kitabu chenyewe hakimaliziki. Rincewind anaachwa akiporomoka kutoka ukingo wa dunia, na wasomaji wa wakati ule walingoja miaka mitatu hadi The Light Fantastic (1986) ili wajue kilichompata.

Hata hivyo, mbegu imo. Twoflower anamweleza mwenye nyumba ya wageni maana ya bima ya moto; mwenye nyumba anapofahamu kwamba atalipwa iwapo nyumba itateketea, hakawii kuiwasha, na mji unateketea pamoja nayo. Hapo Pratchett hamwigi mtu. Anacheka taasisi, na taasisi hiyo imo Nairobi kama ilivyo London. Vivyo hivyo Twoflower mwenyewe. Msomaji wa Mombasa au Malindi hahitaji kumjua Leiber ili amtambue mgeni mwenye kifaa cha kupigia picha, kitabu cha misemo, na dhahabu ambayo hajui thamani yake katika mji aliofikia, naye anaamini kwamba kila ugomvi wa panga ni burudani aliyoandaliwa. Tofauti baina ya kicheko hiki na kile cha mlima uliopinduka ndiyo tofauti baina ya tashtiti na parodia. Kipimo cha kitabu cha kuanzia basi ni hiki: je, tashtiti yake yasimama bila parodia kuishikilia?

Mtihani wa Makbeth

Kipimo hicho hakimaanishi kwamba kila uigaji utamtupa nje msomaji wa huku. Wyrd Sisters (1988) inamgeuza Makbeth juu chini. Mfalme wa Lancre anauawa. Mtoto wake anakabidhiwa kwa waigizaji wasafiri. Na mtawala mnyang'anyi, Felmet, anaagiza itungwe tamthilia itakayowafanya wachawi waonekane waovu na yeye aonekane mwema. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki hayuko ugenini. S. S. Mushi alimtafsiri Makbeth mwaka 1968, Julius Nyerere alikwisha kumtafsiri Juliasi Kaizari mwaka 1963, na Shakespeare amekaa katika madarasa ya Kenya kwa vizazi. Zaidi ya hayo, katika nchi ambamo leseni ya Ngaahika Ndeenda ilifutwa mwaka 1977, wazo kwamba dola huliogopa jukwaa na papo hapo hulitamani halihitaji tanbihi.

Neno "wachawi" lenyewe lina walakini. Granny Weatherwax na wenzake huzalisha wanawake, huosha maiti, hutibu mifugo, na husuluhisha magomvi ya mipaka. Kwa Kiswahili chema hao ni wakunga na waganga. Anayewaita wachawi huwatwisha uovu ambao riwaya yenyewe inaukana, na mtafsiri wa siku zijazo atakuwa na kazi.

Kwa nini basi msomaji asianzie hapa? Kizuizi si kikubwa. Lancre ni pembe ya dunia. Anayeingilia huko huipata kejeli ya mamlaka ya kifalme lakini huukosa mji, na bila mji nusu ya mfululizo haieleweki. Isitoshe, Granny wa 1988 bado hajafikia ule ukali wa kimaadili atakaokuwa nao katika Witches Abroad (1991) na Lords and Ladies (1992). Wyrd Sisters ni mlango mzuri wa pembeni.

Polisi wa usiku

Mlango wa mbele ni Guards! Guards! (1989), kitabu cha nane. Tabaruku yake yenyewe ni hoja ya kihakiki: riwaya imetolewa kwa heshima ya wale askari wasio na majina ambao katika hadithi za mashujaa hukimbilia chumbani, humshambulia shujaa mmoja mmoja, na kuuawa. Msomaji asiyewahi kufungua hadithi hata moja ya aina hiyo amekwisha kuwaona askari hao katika filamu. Zaidi ya hapo, anawajua katika maisha: watu wa cheo cha chini ambao hufa ili kisa cha wakubwa kiendelee. Pratchett anawageuzia kamera. Kapteni Sam Vimes ni mlevi. Sajini Colon ni mzito wa mwili na wa fikra. Koplo Nobbs huwaibia maiti. Kazi yao ni kupita mitaani usiku wakitangaza kwamba hali ni shwari, na kuhakikisha hawafiki pale ambapo si shwari.

Sheria ya mji imesalimu amri zamani. Wezi wana chama chao kinachotambuliwa na mtawala, Lord Vetinari. Huiba kwa kiwango kilichokubaliwa na huwapa walioibiwa risiti. Katika hali hiyo anatokea Carrot, kijana aliyelelewa na mbilikimo, ambaye amekikariri kitabu cha sheria za mji na anaamini kwamba kila kilichoandikwa humo hutekelezwa. Miongoni mwa vitendo vyake vya kwanza ni kumkamata mkuu wa chama cha wezi kwa kosa la wizi. Kicheko hiki hakiegemei matini nyingine yoyote. Kinaegemea pengo lililopo baina ya sheria iliyoandikwa na sheria inayotumika, na msomaji wa Kenya hahitaji kufundishwa habari za pengo hilo.

Msuko mkuu unahusu chama cha siri kinacholiita joka kwa uchawi. Nia yao ni kwamba joka liutishe mji, kisha mfalme wa bandia ajitokeze, "aliue", na atawale kwa niaba yao. Mpango unaharibika pale joka linaporejea na kutawazwa lenyewe kuwa mfalme. Sehemu inayofuata ndiyo iliyo nzito kuliko zote katika vitabu vinane vya kwanza. Wakuu wa mji wanakaa kikao. Joka limetaka dhahabu, na limetaka msichana wa kuliwa kila mwezi. Hakuna anayeunga mkono jambo hilo, na hakuna anayelipinga. Kila mmoja anangoja mwenzake aseme, na kikao kinapokwisha jambo limekwisha kuwa desturi. Mitaani nako watu wanaanza kupiga hesabu kwamba msichana mmoja kwa mwezi si wengi, hasa akiwa si wa kwao. Fantasia hapa haimtoroshi msomaji kutoka kwenye siasa. Inamwondolea majina ya watu na vyama, yale ambayo kwa kawaida humfanya achague upande kabla ya kufikiri, na kumwachia utaratibu mtupu wa woga.

Joka likishatoweka, polisi wanaulizwa wanataka tuzo gani. Wanaomba nyongeza ndogo ya mshahara, birika jipya la chai, na ubao wa kuchezea vishale. Mhakiki anayedai kwamba Pratchett hana uhalisia na aanzie kwenye birika hilo.

Kutoka hapo mfuatano unakuwa na maana, kwa kuwa Vimes, tofauti na Bwana Msa, hubadilika. Katika Men at Arms (1993) anaoa, naye analeta ile fikra yake maarufu ya viatu: tajiri hununua jozi ya dola hamsini inayodumu miaka, maskini hununua ya dola kumi inayotoboka baada ya msimu mmoja au miwili, na mwishowe maskini ametumia zaidi na bado miguu yake imelowa. Uchumi wa umaskini umeelezwa hapo kwa kifaa ambacho msomaji anacho mguuni. Anapanda cheo kadiri vitabu vinavyoendelea, na kila cheo kinamkera. Kisha inakuja Night Watch (2002), ambamo Vimes anarushwa nyuma miaka thelathini, katika mji wa polisi wa siri na vyumba vya mateso, na kulazimika kumfunza kazi kijana ambaye ni yeye mwenyewe. Wapo wanaoitaja kuwa riwaya bora kuliko zote za Pratchett, na ni vigumu kuwapinga. Hiyo ndiyo sababu isitangulie. Anayeianza bila kumjua mlevi wa 1989 ataisoma kama hadithi nzuri ya mapinduzi, na ataukosa uchungu wa mtu anayejua mapema ni nani kati ya wenzake watakaokufa, naye hawezi kusema.

Hoja ya kobe

Mpinzani wa kweli wa Guards! Guards! si The Colour of Magic bali Small Gods (1992), na katika semina nyingi huenda huyo ndiye angeshinda. Mungu Om anataka kuishukia nchi yake ya Omnia kwa kishindo na kujikuta amekuwa kobe. Katika dunia hii miungu huishi kwa imani ya watu, na ingawa Omnia imejaa makuhani na wapelelezi wa dini, amwaminiye Om mwenyewe kwa dhati ni mmoja tu: Brutha, mnovisi asiyejua kusoma. Wengine huliamini kanisa, au humwogopa Vorbis, mkuu wa wapelelezi hao. Dini ya Omnia hufundisha kwamba dunia ni duara, na anayesema imebebwa na kasa huteswa. Msomaji anacheka kwa sababu mzushi ndiye mwenye haki, kisha kicheko kinamkwama, kwa kuwa mateso ni mateso hata pale inapotetewa sayansi iliyo sahihi kwetu.

Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, Brutha ni zawadi. Hasahau chochote. Maktaba ya Ephebe inapokaribia kuteketea, anazitazama hati moja baada ya nyingine na kuzibeba zote kichwani bila kujua kusoma hata herufi. Ni nadra kwa riwaya ya Kizungu kumfanya asiyejua kusoma kuwa maktaba yenyewe, wala si mtu wa kuokolewa na maktaba. Aidha, msomaji aliyelelewa kwa ngano anamjua kobe kama mnyama mpole anayeshinda kwa akili; Om ni kobe mwenye hasira na matusi ambaye akili humwingia polepole, kwa kubebwa.

Small Gods hujitegemea kikamilifu, haidai ujuzi wa kitabu kingine, na ni fupi kiasi cha kufundishwa. Anayetaka kufundisha kitabu kimoja tu cha Pratchett na akichague hicho. Lakini swali la makala haya ni la kuanzia, na kuanzia ni kuendelea. Msomaji anapokifunga kitabu hiki hana mahali pa kwenda: Brutha na Omnia yake hawana riwaya ya pili.

Mauti na vitabu vya mwisho

Mort (1987) hupendekezwa mara nyingi, na kwa haki. Mauti anamchukua kijana kuwa mwanagenzi wake, kisha yeye mwenyewe anakwenda kufanya kazi ya upishi mjini. Ni riwaya ya kupendeza, ingawa mwisho wake umefungwa kwa haraka. Mauti husema kwa herufi kubwa tupu, bila alama za kunukuu, na huonekana katika karibu vitabu vyote. Kiswahili, ambacho viambishi vyake havibagui jinsia, kingemtafsiri bila taabu wanayoipata watumiaji wa lugha kama Kifaransa, ambamo neno la kifo ni la kike.

Vitabu vya mwisho havifai kuwa mlango. Mnamo Desemba 2007 Pratchett alitangaza kwamba ana aina ya ugonjwa wa Alzheimer. Baadaye hakuweza kupiga chapa, akawa anatunga kwa kutamka. Raising Steam (2013) inaonyesha athari hizo: wahusika wanahutubiana, na mji unasifiwa pale ambapo zamani ungesutwa. Ni kitabu cha kuagana na marafiki, na anayekianzia hana rafiki humo.

Kwa mwanafunzi anayekichukua kitabu chochote anachokikuta kati ya vitabu vikuukuu vilivyotandazwa kando ya njia za Nairobi, utaratibu huu hautatimia daima. Akikuta Night Watch, aiweke hadi apate Guards! Guards!; akikuta Small Gods, aisome usiku huohuo. The Colour of Magic anaweza kuinunua na kuihifadhi. Atakapoirudia baada ya kukaa na Vimes kwa vitabu vitano au sita, atakuta kwamba mji uliochomwa na mwenye nyumba ya wageni kwa tamaa ya bima ni uleule aliokwisha kuutembea usiku, na atataka kujua ni mitaa ipi iliyoungua.